Figo Ina Wenyewe

Shemeji yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi alituachia televisheni, gari lisilowaka na mbwa. Televisheni haikuja na maelezo yoyote. Gari halikuja hata na kadi yake. Mbwa ndiye aliyekuja na kurasa saba zilizochapwa kwa kompyuta na kutiwa plastiki, ili zisilowe damu.

Mume wangu alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili akakaa, kisha akanikabidhi zote akaenda kuangalia mpira.

Kwa mujibu wa kurasa hizo, Bruno hali kitu kilichopita motoni. Si ugali, si wali, si makombo ya pilau. Anakula nyama mbichi, mifupa mibichi na viungo vya ndani vibichi, kwa sababu ndivyo walivyokula mababu zake porini kabla binadamu hajawaharibu mdomo. Elimu hiyo shemeji aliipata kwa daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, ambaye mwaka 1993 alitoa kitabu cha kuwahimiza watu wawarudishie mbwa wao mifupa. Hoja hiyo haikosi mashiko. Biskuti za mbwa ni mambo ya juzi tu. Alianza kuziuza Mmarekani aitwaye James Spratt, huko London, miaka ya 1860, na mbwa walikuwepo maelfu ya miaka kabla yake. Hapo niliitikia kwa kichwa. Nyumbani kwetu biskuti haziwafikii hata wageni, seuze mbwa.

Sisi tayari tulikuwa na mbwa. Anaitwa Yatakwisha. Jina alipewa na baba mkwe wakati wa mgogoro wa mpaka, ili kila mbwa akiitwa chakula jirani asikie. Mgogoro ulikwisha, jirani akahama, Yatakwisha yupo, anakula dona na dagaa na chochote kinachoanguka mezani. Bruno alipoteremka kwenye gari, masikio yamesimama, Yatakwisha alimnusa mara moja, akarudi kulala.

Kazi ilianzia kwenye hesabu. Mbwa mzima hupewa kwa siku asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Shemeji alichagua mbili na nusu. Chakula chenyewe kigawanywe: asilimia 80 nyama, 10 mfupa laini unaotafunika, 10 viungo vya ndani, na katika hiyo 10 nusu iwe maini, nusu figo au bandama. Moyo, sijui kwa nini wenyewe haukuulizwa, huhesabiwa ni nyama. Ili kupata gramu ilibidi kwanza tujue Bruno ana kilo ngapi.

Mizani ya karibu inayoweza kubeba mbwa wa Kijerumani ni ya Mangi wa dukani, anayopimia magunia ya mchele. Bruno alikataa kupanda peke yake. Ukipandisha miguu ya mbele, ya nyuma inashuka. Mangi, mtu wa suluhisho, akasema nipande naye nimkumbatie, kisha nipimwe mwenyewe, yeye atatoa. Ilikuwa jioni, saa ya watu kununua mafuta ya kupima na unga wa robo, na benchi la bodaboda limejaa. Namba ya kwanza Mangi aliitaja kwa sauti ya dalali. Ya pili, iliyokuwa yangu peke yangu, aliitaja kwa sauti kubwa zaidi ili kijana wake aliyekuwa stoo aiandike. Akatoa.

"Mbwa kilo 32," akasema. "Zilizobaki zote zako, mama."

Kilo 32 maana yake gramu 800 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 24 za vitu vya buchani, katika nyumba ambayo nyama huonekana Jumapili, na ikionekana katikati ya wiki watu huuliza kuna nini.

Bucha la mtaani kwetu lina wateja wanaojuana. Nilisimama kwenye foleni nikaagiza moyo, figo, bandama na utumbo usiooshwa. Hilo la mwisho lilipigiwa mstari kwenye ukurasa wa nne: utumbo ubaki na ukijani wake, kwa sababu kwenye majani aliyokwisha kuyasaga ng'ombe mna vimeng'enya na bakteria wenye faida. Muuza nyama alisimamisha kisu.

"Bandama?"

"Bandama."

"Na utumbo nisioshe?"

"Usioshe kabisa."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniinamia juu ya mizani. "Dada," akasema taratibu, "kama kuna mtu anakusumbua kazini, nenda tu kanisani."

Nilimweleza kuhusu mbwa. Akaitikia kwa heshima ile anayopewa mtu anayedanganya kwa sababu nzuri. Sijui habari ilipitia wapi, ila jirani aliyezoea kuja kuazima ungo wangu kila Jumamosi alinunua wake.

Bwana Billinghurst simlaumu, maana kule kwao mtu akiingia buchani akaomba figo na shingo za kuku, nadhani muuzaji hushukuru kupunguziwa mzigo. Dar es Salaam hakuna kiungo cha ng'ombe kinachotafuta mlaji. Kongoro lina watu wake wa supu ya alfajiri. Utumbo una watu wa ndizi. Mapupu yana wakaangaji. Maini yanawekwa pembeni kwa ajili ya mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu haitoshi, na ukiyataka wewe kwa ajili ya mbwa, huyo mjamzito anakuwa amesimama nyuma yako kwenye foleni hiyo hiyo, ameshika kiuno. Kwa kuku ndiyo usiseme. Firigisi ni ya baba, inajulikana. Vichwa, miguu na shingo ni vya mama wa pale kona anayekaanga jioni. Ile hesabu ya 80, 10 na 10 ilitungwa na mtu ambaye jirani zake hawali figo.

Huyo mama wa kona tulikutana alfajiri kwenye soko la kuku, wote tunanyoosha mkono kwenye beseni moja la shingo. Aliuangalia mfuko wangu, akanikagua tangu khanga hadi ndala.

"Mwenzangu umefungua wapi?"

"Sijafungua, mama. Ni za mbwa."

Alinyamaza kidogo, akajaza mfuko wake kwanza. "Basi mwambie na yeye aje kupanga foleni."

Nyumbani kulikuwa na mlinzi, mzee wa Kigoma mwenye adabu zake. Kwa kuwa mimi hushinda kazini, yeye ndiye aliyemwandalia Bruno mchana: vipande vya moyo, yai bichi juu yake, dagaa kwa ajili ya mafuta ya omega-3, karoti iliyokunwa, mchicha. Kisha mzee anakwenda kukaa kibandani na ugali wake wa maharage, anamtazama mwenzake. Jioni moja alinisubiri getini, kofia mkononi.

"Mama, samahani. Shemeji akirudi kumchukua Bruno, hiyo nafasi itakuwa wazi?"

Tangu siku hiyo maini hayakupimwa tena kwa asilimia ya uzito wa mbwa peke yake. Nikinunua ya Bruno, nanunua na ya mzee, na ya mzee yanakaangwa kwa kitunguu na hoho, yanazidi gramu.

Ya ukurasa wa tano nitayapitia haraka. Palitakiwa bluberi, tukatumia zambarau tulizotoa kokwa, Bruno akazila zote, akafutia mdomo kwenye zulia jeupe la mama mkwe. Palitakiwa pia mwani kwa ajili ya madini joto, yale yale yanayoandikwa kwenye pakiti za chumvi. Mwani wa Zanzibar kina mama wa Paje hulima baharini uuzwe ng'ambo. Mimi niliagiza wa kumlisha mbwa wa Tabata, na rafiki aliyeuleta kwa boti hajaacha kuniuliza kama nimepona.

Lililotikisa nyumba lilitoka kwenye friza. Ili kuokoa muda, Jumamosi nilikuwa nasaga kila kitu kwa pamoja: nyama, moyo, maini, figo, boga, mchicha, mayai. Wiki ambayo shingo za kuku zimekosekana, maganda ya mayai nayo yanakaushwa na kusagwa unga humo humo, maana ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na mbwa anayekula nyama bila mfupa hukosa kalsiamu. Mchanganyiko ukaingia kwenye ndoo za aiskrimu. Kila mtoto wa Tanzania anajua kwamba ndoo ya aiskrimu ndani ya friza haina aiskrimu, kwa hiyo sikuandika kitu juu yake.

Shangazi yake mume wangu alitokea Morogoro bila taarifa, siku ambayo jumuiya ilikuwa inasali kwetu. Akakuta mwenye nyumba yuko kazini, wageni wanakuja saa kumi, jikoni hakuna kitu. Akafungua friza. Akakuta nyama imesagwa, ina mayai, ina majani. Akamsifu Mungu kwamba mke wa mwanawe ameshaandaa kababu, amesahau chumvi tu. Akatia chumvi. Akatia vitunguu, tangawizi, pilipili manga na mkono wa Morogoro.

Nilifika wakati sinia la pili linazungushwa. Harufu ilikuwa nzuri mno, na wote wakanigeukia wakipiga vigelegele. Mama mmoja alikuwa anatafuna kwa uangalifu upande mmoja. "Zina kamchanga kidogo," akasema, "lakini tamu!" Nilikaa. Shangazi akaniwekea tatu kwenye sahani, nikala tatu. Kwa kweli zilikuwa tamu. Mwenyekiti wa jumuiya aliniomba nimwandikie namna ya kuzipika, nikaandika yote isipokuwa jina la mlengwa.

Zilizobaki hazikuweza kumrudia mwenyewe. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa, na shangazi hajui kupika bila kitunguu. Siku ile Bruno alilala na dona la Yatakwisha.

Alilala vizuri. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye sufuria la mwenzake.

Daktari wa mifugo alipokuja na chanjo ya kichaa cha mbwa, akauliza mgonjwa anakula nini. Nikampa kurasa saba. Alizisoma na miwani, pole pole, akasema mengi humo si ya kubeza. Ni kweli mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vikali, afadhali mbichi. Ni kweli maini yasizidi ile asilimia 5, kwa sababu vitamini A hurundikana mwilini. Kisha akauliza kama ile bandama na figo huwa zina muhuri wa mkaguzi, na umeme wetu hukatika mara ngapi. Mume wangu alicheka peke yake.

Akatueleza kuhusu tegu mdogo anayeishi utumboni mwa mbwa. Mbwa humpata kwa kula mapafu au maini mabichi ya mnyama mwenye vivimbe vya maji, na wala haumwi. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi. Mtoto akishika manyoya ya mbwa akatia mkono mdomoni, vivimbe huota kwenye ini lake au mapafu, kimya kimya, kwa miaka. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo umewatesa watu sana, na AMREF walipambana nao huko muda mrefu. "Pikeni," akasema. "Mbwa hatawashtaki." Akaongeza kwamba mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kuwa mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa kijivu ambaye ukoo wake ndio asili ya mbwa, ana nakala nyingi zaidi za jeni la kusaga wanga. Huyu mnyama amekaa na wakulima mpaka tumbo lake likajifunza ugali.

Akamwona Yatakwisha chini ya mpapai. "Na yule anakula nini?"

"Anachokuta," akasema mzee wa Kigoma.

Daktari aliandika kitu kwenye daftari lake.

Basi sasa sufuria ni moja: dona, dagaa wengi, boga, mchicha, nyama ya kusaga inapopatikana, maini kidogo yaliyochemka, bila chumvi wala kitunguu. Dagaa wasipunguzwe, alisisitiza daktari, dona peke yake si chakula cha mbwa. Figo tumewaachia wenyewe. Ungo bado hauazimwi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia shemeji, na hapo mume wangu aliniomba tumwache kwanza afanye mitihani. Shemeji yeye kila wiki hutaka picha ya choo cha Bruno. Wafuasi wa chakula kibichi ndivyo wanavyopimana: kiwe kidogo, kigumu, na kikianza kuwa cheupe ujue mifupa imezidi. Mwanangu mkubwa ndiye mpiga picha, anaikamilisha kazi hiyo kwa uso wa mtu anayelipwa. Wiki iliyopita alipiga, akatuma, shemeji akafurahi, akataka kuisambaza kwa wafugaji wenzake.

Ikatua kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu yao, chini kidogo ya orodha ya wadaiwa ambayo mhazini alikuwa ametoka kuiweka, jina la shemeji likiwa la nne. Picha imepigwa karibu, jua la asubuhi, kila kitu kinaonekana. Chini yake shemeji ameandika: "Haya ndiyo matunda ya chakula kibichi. Oneni ilivyokaza!"

Watu sabini na kitu walinyamaza. Kisha mhazini akajibu: "Asante kaka. Hii tuiandike kama ahadi, au ndiyo mchango wenyewe?"