Kipimapembe cha Mfasiri: Uainishaji wa Misemo ya Kiingereza Inayozunguka

Misemo ya Kiingereza inayohusu kuzunguka na kugeuka ni mingi kiasi kwamba msomi mwenye haya angeiacha ilivyo. Sisi tumeipanga. Kigezo chetu si maana, maana imeshawashinda waliotutangulia. Kigezo ni pembe. Kila msemo umelazwa chini ya kipimapembe kile kile cha plastiki kinachokaa ndani ya mkebe wa hesabu, ukasomwa nyuzi zake. Wanaosubiri hadithi ya asili ya neno “mzungu” watusamehe. Hiyo imeshazungushwa vya kutosha.

Tabaka la nyuzi 90 ni la kona, nalo halitatuchukua muda. Mwingereza akisema mgonjwa “has turned the corner”, anatoa habari njema. Mfasiri mwenye haraka akiandika kwamba mgonjwa amekula kona, ndugu watakimbilia wodini wakitarajia kukuta kitanda kitupu na bili juu ya mto. “Amepata nafuu” haina pembe yoyote, lakini familia italala usingizi. Ipo pia kona ambayo Mwingereza akiipita huwa amefika kwenye wazimu. Kwetu wazimu hauna kona: mtu hurukwa na akili, yaani akili ndiyo inayosafiri, mwenyewe anabaki palepale.

Nyuzi 180 ndipo Kiingereza kinapojaa adabu. Serikali ikikana leo ilichokiapia jana, magazeti ya London husema imepiga “U-turn”, maneno ya barabarani tu, utadhani waziri alipitiliza kituo. Margaret Thatcher alijijengea jina kwa kuikataa pembe hiyo. Oktoba 1980, katika mkutano wa chama chake mjini Brighton, aliwaambia wanaotaka kugeuka wageuke wao, yeye hageuki. Maneno hayo alitungiwa na mwandishi wa tamthilia, Ronald Millar, kwa kuchezea jina la tamthilia ya Christopher Fry kuhusu mwanamke anayenusurika kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mfasiri asihangaike na mchezo huo wa “burning” na “turning”: “kuchomwa” na “kugeuka” havitapatana vina hata waalikwe malenga wote wa Mombasa.

Anayegeuka namna hiyo sisi humwita kigeugeu, na akizidi tunasema amekula matapishi yake. Hapo ndipo mhariri wa habari za kimataifa anapotoka jasho. Akiandika kwamba waziri mkuu “amebadili msimamo”, amempa heshima asiyoifanyia kazi. Akiandika habari ya matapishi, atapigiwa simu na ubalozi. Msimamo wa taaluma ni kwamba matapishi ndiyo tafsiri sahihi. Mshahara wa mhariri ni suala la taaluma nyingine.

Katika tabaka hilo hilo umo msemo “to turn the tables”. Hizo si meza za chakula, ni ubao wa mchezo uliogeuzwa ili aliyekuwa akishindwa ajikute upande wa mshindi. Kiswahili husema kibao kimegeuka. Tulitafuta kasoro katika ulinganifu huu tukaikosa, jambo lililotusononesha sana.

Jicho la Nelson, admirali wa Uingereza, linahitaji tabaka dogo la pekee. Inasimuliwa kwamba katika vita vya baharini vya Copenhagen, mwaka 1801, aliashiriwa aache mapigano. Akaweka darubini kwenye jicho lake lisiloona na kusema haoni ishara yoyote. Hapo, wanasema, Kiingereza kikapata “to turn a blind eye”, kivuli cha kudumu kwa wanaojifanya hawaoni. Lakini msemo wao unamtaka mhusika awe na jicho bovu tangu mwanzo. “Kufumbia macho” kwa Kiswahili ni kwa demokrasia zaidi: hata mwenye macho mawili mazima anaruhusiwa.

Mpaka kati ya nyuzi 180 na 360 unalindwa na neno moja, “revolution”. Kwanza lilikuwa mali ya wanafalaki. Kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543 kinalitumia kwa mizunguko ya magimba ya angani, ambayo sifa yake kubwa ni kurudi yalikoanzia. Ndiyo maana Charles wa Pili aliporejeshwa kwenye kiti cha ufalme mwaka 1660, walikuwepo Waingereza walioita urejeo huo kwa neno hilo hilo. Kwa hesabu za kipimapembe hawakukosea. Sasa liweke karibu na Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Neno letu limetoka kwenye kupindua: cha chini juu, cha juu chini, na Sultani Jamshid ndani ya meli. Nyuzi 180 tu, na hakuna aliyeahidi kuzimalizia zilizobaki.

Katika 360 kamili kuna yule mwanasiasa anayetangaza kwamba amebadilika kwa nyuzi 360. Walimu wa hesabu humcheka. Sisi tunamtetea: ni ahadi pekee ya kampeni inayotekelezwa bila bajeti. Tabaka hilo lina pia msemo wa Kiingereza kwamba linalozunguka huja kuzunguka, ambao wao wanausema kwa maneno matano. Dunia duara. Tumebaki na akiba ya matatu.

Lakini tabaka lililotufanya tushike kalamu ni lile lisilo na mwisho wa nyuzi, la “going round in circles”. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuwatembeza watu msituni na jangwani Sahara huku wakiwafuatilia kwa GPS. Asiyeona jua wala mwezi, ilibainika, huzunguka huku akiamini anakwenda mbele. Waliofungwa macho walichora viduara, vingine vya kipenyo cha mita 20. Hakuna aliyewazungusha. Mwingereza anauelewa msemo wake hivyo hivyo: mtu na miguu yake. Mswahili akisoma utafiti huo, swali lake la kwanza litakuwa nani aliyewapeleka.

Kwetu duara lina mwenyewe. Aliyeshinda kwenye ofisi ya ardhi akifuatilia hati hasemi amezunguka, anasema amezungushwa, na viambishi viwili mwishoni mwa kitenzi vinatosha kumpandisha karani kizimbani. Charles Dickens, kwa kutaka kusema jambo hilo hilo, ilimbidi abuni idara nzima ya serikali, yenye kazi ya kuhakikisha kazi haifanyiki, katika riwaya ya Little Dorrit iliyotoka kwa sehemu kati ya 1855 na 1857. Angekuwa na mnyambuliko wa vitenzi, riwaya ingepungua.

Kwa hiyo mfasiri anayekutana na mtu aliyezunguka aulize kwanza kama amezunguka mwenyewe, halafu amezunguka nini. Shahidi wa London anayekwepa swali huambiwa “anazunguka nyumba”. Ukimpa mti wetu, ukaandika kwamba shahidi alizunguka mbuyu, msomaji wa Dar es Salaam ataelewa kwamba ametoa rushwa, kwa kuwa mbuyu una unene wa kuficha watu wawili na bahasha. Vilevile Waingereza hujifariji kwamba ulichopoteza kwenye bembea utakifidia kwenye “roundabout”, wakimaanisha ile mashine ya farasi wa mbao. Usiifasiri kuwa kipilefti. Kwenye kipilefti kuna trafiki, na haijawahi kuripotiwa kwamba mtu alifidiwa hapo.

Yapo maduara yasiyozunguka, nayo tunayapita. Kugeuza duara kuwa mraba kwa rula na bikari ni jambo ambalo mwanahisabati Lindemann alithibitisha mwaka 1882 kwamba haliwezekani, na wanasiasa wa Ulaya wanaendelea kuliahidi. Njia mbili zilimshinda fisi, naye hakuwa na manifesto. Zipo pia duru za kuaminika, zinazonukuliwa magazetini kila siku. Hazina kitovu, hazina kipenyo, na kila ukizisogelea unakuta ni jamaa mmoja.

Linabaki tabaka la makaburini, tulilolitenga kwa sababu za kidini. Waingereza husema marehemu anajigeuza kaburini akisikia upuuzi wa walio hai, na msemo huo umeshahamia kwetu bila kukaguliwa. Hausemi nyuzi ngapi. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla, ambacho kwa mtu wa pwani yetu kiko kaskazini. Akijigeuza nyuzi 180 ameipa Makka kisogo, kosa kubwa kuliko hotuba yoyote ya waziri; akijigeuza 360 kamili, hakuna atakayejua kwamba aliudhika. Mpaka mashehe watoe rai yao, mfasiri aandike tu kwamba marehemu hakupendezwa.