Benki Inayotaka Kudumu Garsen: Mambo Matano, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Oktoba 2021 Benki Kuu ya Kenya iliziagiza benki zote zipange namna ya kukabili hatari za tabianchi. Wakuu wa benki, karibuni Garsen, kaunti ya Tana River. Hapa hatari hiyo ina maji, na inajua njia ya kwenda sokoni.

5. Mtaji. Sheria ya 2024 inataka mtaji wa msingi wa benki upande kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo 2029. Hewala! Ila bilioni zikilala Nairobi, mwenye maembe ngowe hajaziona.

4. Wakala. Barabara ikikatika, tawi la benki halifikiki, inabaki simu. Basi wakala apewe floti, yaani fedha za kuhudumia wateja, na sola kabla ya mvua. Wakala asiye na floti ni bango tu.

3. Dhamana. Mnadai hati miliki katika nchi ambayo ardhi kubwa ni ya jamii. Tangu 2017 sheria ya Kenya inaruhusu mifugo na mazao yawekwe dhamana. Mnahofu ng'ombe ana miguu, atatoroka? Ndiyo, ana miguu: mto ukifurika, mfugaji Muorma anamswaga hadi nchi kavu. Nyumba mliyoishikia hati inabaki majini.

2. Bima. Ukame ulioanza 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo. Serikali ilianza bima ya mifugo mwaka 2015: setilaiti hupima majani, yakipungua mfugaji hulipwa. Iambatanisheni na mkopo. Na kwa kuwa wateja wengi hapa ni Waislamu, leteni takaful, yaani bima ya Kiislamu, na mkopo usio na riba. Hiyo si sadaka, hilo ni soko.

1. Kalenda ya mto. Hili ndilo kubwa. Mvua hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, jua linawaka Garsen, na bado Mto Tana unajaa. Bwawa la Masinga likifurika hutangazwa, na maji huchukua siku kadhaa kutufikia. Afisa mikopo hufuatilia bei ya dola kila asubuhi; na Masinga je? El Niño ya 1997/98 ilibomoa mradi mzima wa mpunga wa serikali kwenye delta. Mkulima wa ekari mbili atapona vipi na rejesho la Mei, shamba likiwa majini?

Lakini maji hayo hayo yakishuka huacha tope lenye rutuba, na mkulima Mpokomo hupanda humo. Aliyeshindwa kulipa Mei anaweza kulipa baada ya mavuno, mradi hamjapiga mnada mali yake. Machi 2020, corona ilipoingia, Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya. Mafuriko nayo yapewe heshima hiyo. Andikeni kifungu cha kupanga mkopo upya kwenye mkataba kabla ya masika, mkisome kwa Kiswahili, ndipo mkopaji atie sahihi.