Papa wa Qurayyat

Kwa jamaa wa baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe.

Mimi mzima, samaki wanauzika, na jua la Oman limetuonea huruma kidogo. Nyinyi nasikia bado mnabishana yaleyale kwa kahawa ileile. Basi leo nakuleteeni ubishi mpya.

Ijumaa iliyopita nilialikwa kwenye mkusanyiko wa watu wa akili mnemba. Wengine husema akili unde. Hata jina halijapata suluhu, seuze akili yenyewe. Aliyenialika ni mteja wangu wa samaki, kijana wa Kiomani ambaye bibi yake alihama Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiswahili amekiokota jikoni kwa bibi, kwa hiyo anajua mambo mawili tu: kulisha watu na kuwakemea. "Kula, mjinga wee!" ndiyo salamu yake, na moyo wake mweupe kabisa.

Wenzake walitoka Maskati wakatandika mazulia pale bwawani Wadi Dayqah. Bwawa lilizinduliwa 2012, ukuta wake mita 75, ukichungulia chini miguu inaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Mimi nikachagua kukaa karibu na sinia la halwa.

Kila niliyempa mkono alikuwa mwanzilishi. Mwanzilishi wa hiki, mwanzilishi mwenza wa kile. Nilimtafuta mfanyakazi hata mmoja nisimwone. Nilipoulizwa mimi nimeanzisha nini, nikasema madeni. Mmoja, hana hata tone la mzaha, akauliza nina wafadhili wangapi. Watatu, nikamwambia, na wote wananitafuta.

Baada ya kahawa kijana wangu akatoa simu. Wanatengeneza msaidizi wa kujibu Kiswahili kwa sauti, na mimi nikapewa heshima ya kumjaribu. Nikauliza la kazini kwangu: "Papa mkavu anapikwaje kwa nazi?" Simu ikanyamaza. Kisha, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari, ikanieleza kwamba Papa ni kiongozi wa Kanisa Katoliki, makao yake Vatikani, na ikaniomba nimtaje kwa heshima.

Halwa ilinipalia. Nyinyi mnaokaa kila jioni mbele ya picha ya papa mngesemaje? Wenyeji walikaa kimya mpaka kijana alipowafasiria kuwa papa mkavu ni awal, huyohuyo wanayemchambua kwa vidole kila siku. Hapo waanzilishi wote wakashika vichwa.

Nikafafanuliwa chanzo cha fedheha. Mashine hujifunza kwa kumeza maandishi, na maana iliyoandikwa mara nyingi huimeza ile iliyoandikwa mara chache. Papa wa Roma huandikwa magazetini kutwa. Papa wa kwetu nani humwandika? Mama zetu humpika, hawamtungii makala. Lakini wapo wanaohangaika na hayo, kijana akaniambia: Masakhane, watafiti wa Kiafrika wanaoshughulikia lugha zetu, na mkutano wa Deep Learning Indaba, ambao 2019 ulifanyika Nairobi. Tena kuna mradi wa Common Voice, ambako mtu yeyote huweza kusoma sentensi za Kiswahili na kuichangia sauti yake.

Neno "kuchangia" likanizindua. Mji huu wa Qurayyat, 1507, ulifikiwa na Albuquerque, Mreno. Aliuchoma moto, na mateka akawakata pua na masikio. Na sasa, nikawaambia, mmekuja kutaka ulimi! Wakacheka, lakini sikuwa natania sana. Kusaidia lugha nakubali. Ila nilitaka kujua: hiyo simu ikishajua kupika papa wa nazi, itauzwa, na atakayelipwa ni nani? Mwanzilishi mmoja akasema swali langu ni zuri. Kwa uzoefu wangu wa madeni, mtu akikusifia swali, jibu hana.

Hata hivyo niliwasomea sentensi 40, mpaka sauti ikakauka. Walinilipa bakuli la halwa, nami nikalichukua, msinihukumu.

Sasa shida iko kwenu. Wamegundua kwamba usomaji wangu una harufu ya darasani. Wanataka watu wanaoropoka wenyewe, wanaokatizana, wanaosema "hebu ngoja" mara sita kabla ya hoja. Nami, kwa ulafi wa halwa, nikakutajeni. Wanataka kurekodi baraza nzima. Niliwaonya: mkiifundisha mashine kwa ubishi wa Jaws Corner, itajua mambo yote na haitakubaliana na mtu. Wakasema hiyo ndiyo wanayoitaka.

Pangeni bei yenu mapema, na msikubali kulipwa halwa. Mkishaafikiana, nipigieni kwa ile simu yetu ya nguzoni, ya kupiga ng'ambo bure, isiyoungwa popote.

Ndugu yenu, Qurayyat.