Mwongozo wa Kukata Bima ya Ndege kwa Asiye na Haraka ya Kulipwa

Hongera. Umenunua Cessna 206 iliyotumika, au kampuni yako imenunua Caravan ili wakurugenzi wasimalize siku nzima barabarani kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Picha umeshapiga na jamaa wameshakuita mheshimiwa. Limebaki suala dogo la makaratasi. Fuata mwongozo huu hatua kwa hatua: utalipa ada ndogo kuliko wenye ndege wote unaowajua, na siku ya ajali utaandikiwa barua ya heshima, yenye nembo na muhuri, isiyo na hundi.

Hatua ya 1: Mwendee yule anayekukatia bima ya gari

Anakufahamu, anakupunguzia, na hana maswali. Broka wa bima za ndege ni msumbufu. Atataka kujua rubani wako ana saa ngapi angani, ndege inalala wapi na inatua wapi.

Usijisumbue pia kuuliza nani hasa atalipa hasara ikiwa kubwa. Tanzania na Kenya, sheria inakutaka ukate bima kwa kampuni iliyosajiliwa nchini. Lakini kampuni hiyo huihamishia sehemu kubwa ya mzigo kwenye bima mtawanyo, mara nyingi katika soko la London, ambako Lloyd's iliandika hati zake za kwanza za bima ya ndege mwaka 1911. Kwa hiyo mwenye kauli ya mwisho juu ya madai yako huenda akawa mtu asiyekujua, asiyewahi kunywa chai nawe, na anayesoma hati neno kwa neno. Yeye akisoma inatosha. Wewe saini tu.

Hatua ya 2: Shusha thamani

Ada ya kuikinga ndege yenyewe huhesabiwa kwa asilimia ya thamani mliyokubaliana. Tuseme sokoni ndege yako ni dola 300,000. Andika 150,000 na ujipongeze.

Siku moja mguu wa mbele unavunjika kwenye kiwanja chenye mashimo, na propela inagonga ardhi ikiwa inazunguka. Hapo injini nayo hufunguliwa yote ikaguliwe. Fundi anataja dola 130,000. Kampuni inapiga hesabu: kutengeneza ni karibu sawa na kukulipa, tena mabaki yana wanunuzi. Inakupa 150,000 zako na kuichukua ndege. Ilikuwa inatengenezeka, lakini sasa si yako.

Kama hupendi kupunjika upande huo, punjika upande wa pili. Andika 450,000. Sasa hata iharibike vipi, kuitengeneza kutakuwa nafuu kuliko kukulipa, na karakana itakuwa makao yake ya kudumu huku wewe ukilipia ada kubwa.

Hatua ya 3: Andika rubani bora, rushisha aliyepo

Hati hutaja marubani kwa majina, au hutaja saa za chini kabisa ambazo rubani lazima awe amezitimiza, kwa jumla na kwa aina hiyo ya ndege. Jaza jina la kapteni mzoefu kuliko wote unaowafahamu, hata kama siku hizi yuko Doha. Kisha mkabidhi usukani mpwa wako aliyepata leseni juzi, na cheti chake cha afya kikiisha muda mstahi, usimuulize. Ndege itapaa kama kawaida. Itakayobaki chini ni bima.

Hatua ya 4: Kwenye matumizi, andika "binafsi"

Ni rahisi kuliko "kukodisha". Kisha jirani mwenye loji atakuomba umpelekee wageni wanne Seronera: mafuta watalipa wao, na wewe utapata cha soda. Kwa kupokea hicho cha soda umeshafanya biashara ya usafiri wa anga bila kibali, na bila bima. Mkaguzi wa hasara akiuliza, mwambie ni ndugu zako: Wajerumani wanne, wa upande wa mama.

Usisome habari ya mchezaji wa soka Emiliano Sala. Januari 2019 alipanda Piper Malibu kutoka Nantes kwenda Cardiff, ikaanguka baharini karibu na Guernsey. Rubani alikuwa na leseni ya binafsi, isiyomruhusu kubeba abiria kwa malipo, wala hakuwa na idhini ya kuruka usiku. Mwaka 2021 mtu aliyepanga safari hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Hatua ya 5: Tua popote

Hati za mtindo wa London huwa hazilipi ndege inapotumia kiwanja kisichokidhi mapendekezo ya mtengenezaji, isipokuwa kwa dharura. Hazilipi ukizidisha abiria juu ya idadi uliyoitaja, wala ukitoka nje ya eneo lililoandikwa. Safari za Somalia au Sudan Kusini, kwa mfano, mara nyingi huhitaji makubaliano ya pekee. Vita, utekaji na hujuma pia havimo mpaka uvinunue kando. Baada ya Septemba 11, 2001, hata mashirika makubwa ya ndege yalipewa notisi ya siku saba kwamba kinga yao ya madai ya vita inafutwa.

Kokoto nazo zina sheria yake. Zikiila propela au injini kidogo kidogo, huo ni uchakavu na gharama ni yako. Jiwe moja likiingia siku moja, na tukio likaandikwa siku hiyohiyo, unaweza kulipwa. Kwa hiyo usiandike chochote. Vilevile usihangaike kuzungushia magurudumu matawi ya miiba usiku, kama wafanyavyo marubani wa mbugani. Fisi akitafuna tairi, gharama yake haifiki hata kile kiwango cha hasara unachotakiwa kubeba mwenyewe.

Hatua ya 6: Tazama tarakimu kubwa tu

"Dola milioni moja kwa tukio" inapendeza machoni. Usishuke mstari wa chini, ambapo huenda imeandikwa kwamba kila abiria ana kikomo cha 100,000. Kwa safari ya kulipia ya kimataifa, mathalani Arusha hadi Nairobi, upo Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Tangu Desemba 28, 2024, abiria akifa au kuumia ajalini, mbebaji hawezi kukana wajibu wake mpaka SDR 151,880 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), takriban dola 200,000. Pengo litakalobaki utalijaza kwa nyumba yako.

Na kama ndege ni ya kampuni, usiguse kifungu cha wafanyakazi. Hati nyingi, kwenye dhima kwa abiria, huwatoa wakurugenzi na waajiriwa wa mwenye bima wakiwa kazini. Yaani wale walionunuliwa ndege ndio wasiokingwa na kifungu cha abiria, mpaka wakatiwe bima nyingine.

Kampuni ikikataa kulipa, usiseme umeonewa. Rubani, kiwanja, abiria na matumizi ni majibu uliyoyatoa mwenyewe, kwa mwandiko wako.

Anayetaka kulipwa, na afanye kinyume. Kabla ya kusaini, kaa na rubani na fundi msome kurasa za mambo yasiyolipiwa, na kila jibu kwenye fomu liwe ndilo mnalolifanya kweli. Siku jibu moja likibadilika, mwandikie broka na usubiri idhini ya maandishi kabla ya kuwasha injini.