Mvua ya Kinole Haienei Kwenye Baiti

Jamani, hivi mimi nina gundu? Mpwa wangu kamaliza chuo, kaenda kufunga kopo la kupima mvua shambani kwa mama mkwe wangu, Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru, ule unaokinga mvua zote zinazotoka baharini. Kopo linatuma namba hewani mpaka zinanikuta Kihonda. Kwa nini mimi? Eti simu yangu ina kioo kikubwa.

Masika ikakolea. Simu ikasema tangu mwezi uanze ni milimita 44. Ah, kumbe kukavu! Nikatia malapa, suruali nyeupe ya Ijumaa, nikadandia boda. Weee! Tope hadi magotini. Lapa moja limebaki huko huko. Dereva kacheka mpaka pikipiki ikazima.

Dogo hana hata haya. "Mjomba, mvua ilikuwa 300. Niliipakia kwenye baiti moja." Na baiti moja mwisho wake 255! Ni daladala ambayo abiria mmoja akizidi, konda anashusha wote, anaanza kuhesabu sifuri. Kwenye 300 toa 256, inabaki 44. Na haipigi hata honi. Kimya!

Si utume namba nzima basi? Eti kopo linatumia betri, pakiti lazima iwe ndogo, kila baiti inakula chaji. Chaji yake, malapa yangu.

Akaongeza baiti ya pili. Sasa inafika mpaka 65,535. Nikashangilia. Akatuma upya ile ile 300. Simu ikasoma 11,265. Mita kumi na moja za maji! Mbio kijiweni, nikatangaza Kinole imezama. Wazee wa kahawa wakachanga. Nikampigia mama mkwe huku nalia. Akapokea. "Unamlilia nani, baba?" Yuko jikoni anamenya ndizi.

Kumbe kopo lilitanguliza baiti kubwa, simu ikadhani imeanza ndogo. Ile 1 na ile 44 zikabadilishana viti: 44 mara 256, jumlisha 1. Mvua ya gharika hiyo.

Dogo ananibembeleza. Eti mwaka 1996 Wazungu walisukumiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16, roketi yao Ariane 5 ikalipuka hata dakika haijaisha. Sawa. Lakini wao hawana wazee wa kijiweni wanaodai rambirambi zao zirudi. Na mimi zile hela nilishalipia deni la unga kwa Mangi.