Ombi la kuiandika Uvira kuwa kisiwa

Luberizi, uwanda wa Ruzizi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Miundombinu na Kazi za Umma, Kinshasa

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, wakaaji wa Luberizi wanaleta ombi lisilohitaji kokoto wala katapila: teritware ya Uvira iandikwe rasmi kuwa kisiwa. Kivu Kusini ina teritware 8, na kwenye ramani ni Idjwi peke yake iliyozungukwa na maji. Ramani imechelewa.

Ushahidi wa kwanza uko kaskazini. Barabara ya Taifa namba 5 inatoka Bukavu, inapita Luberizi, inashuka Uvira na kuendelea Fizi hadi Kalemie. Kwenye karatasi. Kati ya Nyangezi na Kamanyola kuna miteremko ya Ngomo, ambako lori huingia na mzigo likatoka na hadithi. Ndiyo maana kwa miaka mingi msafiri wa Uvira akifika Kamanyola amekuwa akivuka mto Ruzizi, akaingia Rwanda, akapita Bugarama na Kamembe kwenye lami ya watu, kisha akarudi Kongo kuitafuta Bukavu. Mtu anayepita nchi ya nje ili afike mji mkuu wa jimbo lake anakaa wapi, kama si kisiwani?

Kusini ni vilevile. Anayekwenda Kalemie na mzigo haulizii gari. Anaulizia boti ya bandari ya Kalundu. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia bandarini humo, kana kwamba nalo limechoka kungoja barabara.

Sayansi pia inaunga mkono ombi hili. Richard Burton alipopita ziwani kwa mtumbwi mwaka 1858, aliiandika Ubwari, huko Fizi, kuwa kisiwa. Baadaye Stanley akamsahihisha: ni rasi, imeshikana na nchi kavu. Luberizi inaona Burton hakukosea, aliwahi tu.

Serikali itapata faida. Hakuna atakayeuliza tena habari za madaraja, maana kisiwani watu huvuka kwa mtumbwi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, ukabeba nyumba na watu, wengi walilia kwamba mifereji na kingo hazikutunzwa. Chini ya hadhi mpya, hayo yataitwa bahari kuchafuka. Nazo kamba za barieri zinazofungwa barabarani zitaitwa bandari, na kile anachokitoa motari pale kitapata jina la heshima.

Limebaki jambo moja la hesabu. Tangu sheria ya 2008 kuna mfuko wa kutunza barabara, FONER, ambao hulishwa na ushuru wa kila lita ya mafuta. Motari wa Luberizi amekuwa akiuchangia kila anapojaza tangi. Uvira ikishakuwa kisiwa, arudishiwe chake, kwani kasia halinywi mafuta.

Kuna atakayesema kinachoharibu barabara ni vita. Kweli, vita vimefunga njia nyingi, lakini mashimo ya Ngomo ni wazee kuliko vita hivi.

Na kuna mahali ambapo hadithi ya kisiwa haifai. Tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipinduka Sange, kwenye barabara hiihii. Watu waliliendea, na wengine walikuwa karibu wakitazama Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 230. Kwa Sange wakaaji hawaombi mnara wa taa. Wanaomba barabara ambapo lori linaweza kupishana na basi bila kulala kwenye nyumba za watu.

Barua hii inaanza safari kwa pikipiki hadi Kamanyola, kisha itafuata njia ya kawaida. Mheshimiwa asishangae akiona mhuri wa Rwanda kwenye bahasha iliyotoka Kongo kwenda Kongo.

Wakaaji wa Luberizi,
teritware (kwa sasa) ya Uvira