Nifume Vizuri, Kisha Niharibu

Nimefuma tangu nikiwa msichana. Vitambaa vya makochi, vya meza, vya redio, na ilipokuja televisheni nayo haikukaa uchi. Masweta ya shule ya wanangu wote pale Lushoto, ambako baridi ya Julai haina utani, yalitoka mikononi mwangu. Kwa hiyo mwanangu aliponipigia simu kutoka Umeå, kaskazini mwa Uswidi, akasema, "Mama, ukija utamfumia mjukuu wako glavu za sufu," nilicheka. Glavu! Tena si glavu kamili, ni zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja na gumba anapewa chake.

Sehemu ya pili hakuniambia mpaka nimeshashuka uwanja wa ndege. Ukishamaliza kufuma, unaichukua kazi yako, unaitia kwenye maji ya moto na sabuni, unaisugua mpaka isinyae, vitanzi vyote vipotee, na sufu igandamane iwe kitu kimoja kizito kisichopitisha upepo.

Jamani, mimi maisha yangu yote nimepigana na jambo hilohilo. Sweta la sufu la mtumba nyumbani kwetu lilikuwa mali. Lilifuliwa kwa maji baridi, likakamuliwa kwa huruma, likaanikwa limelazwa. Marehemu mume wangu aliwahi kususa chakula kwa sababu sweta lake la kijivu lilitiwa maji ya moto, likatoka saizi ya mtoto wa darasa la pili. Leo naambiwa msiba ule ni ufundi.

Mwanangu akanielimisha. Unywele wa sufu, anasema, una magamba madogo mno. Maji ya moto na sabuni huyafungua, kusugua huyapandanisha, na yakishashikana hayaachani tena. Sawa, nimeelewa, ni ndoa za zamani. Basi inabidi ufume kitu kikubwa kupita kiasi, kwa vitanzi vilegevu, maana kikisinyaa kinapoteza urefu zaidi kuliko upana. Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Nilichofuma, baba yake alitumbukiza mkono mpaka karibu na kiwiko. Wageni walipokuja nilikificha chini ya mto. Mimi mama yangu alinifundisha kukaza vitanzi, na sikutaka watu waseme uzee umenianzia vidoleni.

Na nyuzi zenyewe! Dukani nilikuta sufu nzuri, laini, rangi za kupendeza, na imeandikwa kabisa kwamba hata ukiitia kwenye mashine haisinyai. Nikaikumbatia. Mwanangu akaninyang'anya. "Hiyo imetiwa dawa, Mama. Magamba yake yameshalainishwa, haitagandamana." Yaani kuna wataalamu walioumiza vichwa ili sufu isisinyae, wamefaulu, na sisi tunawakimbia. Zile nyuzi za viwandani tunazofumia masweta ya shule nazo hazifai, hata uzichemshe mpaka Pasaka. Tukanunua sufu yenyewe, ambayo bado ina harufu ya zizi.

Kwenye majengo mengi ya huku mashine za kufulia ni za wote, na kila nyumba inajiandikisha zamu. Zamu ile usiichezee. Watu wa huku ni wapole, lakini mcheleweshee mtu dakika tano kwenye zamu yake ndipo utamjua. Mashine zinafunguka kwa mbele, na zikishaingiza maji mlango unajifunga. Kitu kinachotakiwa kukaguliwa kila mara, kisije kikamtosha mwanasesere, kiko kifungoni, na mimi nimekaa kwenye benchi nachungulia kiooni. Humo tulitia na suruali ya jinzi na mipira ya tenisi, ili visuguane vizuri. Mipira ilivyokuwa inagonga, jirani alishuka kuuliza kama kuna mtu anajenga. Kesho yake tukakuta kikaratasi mlangoni, kwa adabu nyingi mno, kikiwaomba watumiaji waondoe manyoya ya wanyama kwenye mashine. Manyoya ya wanyama! Sufu niliyoilipia! Mwanangu akaniambia tusijibu.

Nilidhani wazimu huu ni wa siku hizi. Kumbe wavuvi wa Iceland walivaa glavu za sufu zilizosinyazwa zenye vidole gumba viwili, kimoja kila upande, ili kiganja kikichakaa mtu aigeuze. Hilo nimelipenda. Mjukuu wangu huvaa ya kulia kushoto, na gumba la ziada lingetuokolea kelele nyingi za asubuhi. Na kaskazini zaidi ya hapa, katika kijiji cha Lovikka, inasimuliwa kwamba mwaka 1892 mama mmoja, Erika Aittamaa, alifuma glavu kwa uzi mnene, mteja akalalamika kuwa ni ngumu. Badala ya kumjibu kama anavyostahili, Erika akazifua, akazichana mpaka zikalainika, na glavu za Lovikka zinafumwa mpaka leo. Kwetu mteja wa namna hiyo angerudishiwa uzi wake.

Mateso haya yote ni kwa sababu shule za watoto wadogo huku zinawatoa watoto nje kila siku, theluji idondoke isidondoke. Desemba jua la Umeå linachomoza kama saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Wenyeji wana msemo wanaoutoa wakitabasamu, kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Aliyeutunga hakuwa mfumaji. Nyuzi joto ishirini chini ya sifuri ni hali mbaya ya hewa hata uvae nyumba. Ila haki ya sufu nitaitoa: inaweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujausikia, na vidole vikikaa pamoja vinapeana joto.

Basi zilitoka, nikazivuta zikiwa bado na maji, nikaziweka sawa, zikakauka. Zikatosha! Mjukuu akazivaa, akanitazama usoni, akasema, "Bibi, zinawasha." Kiswahili chote alichofundishwa, ndilo neno alilolichagua. Nikachukua brashi ya nywele ya mama yake nikazichana ndani na nje. Kamba ya kuziunganisha kupitia mikono ya koti aliikataa, ati ni ya watoto.

Haikupita wiki, akarudi na glavu yangu moja, na nyingine ya dukani yenye picha ya dinosauri. Hakuibiwa. Walibadilishana, na anaona amepata faida. Getini nikamwona huyo mwenzake, glavu yangu imemkaa sawasawa, na bibi yake yuko kando anatabasamu. Mwanangu akanitafsiria: mtoto hataki kuivua hata kitandani, sasa anaulizia kama Bibi atamfumia na ya pili. Nimesema ajibiwe kwamba nitafuma, lakini mashine itakuwa ya jengo lao, na zamu iandikwe kwa jina lake.